Duka la Ami, Kariakoo: nyota nne, na kioo cha kusomea maboksi

Nyota nne kati ya tano. Mwenye haraka aishie hapo akanunue. Ya tano nimeibana kwa sababu ya stoo na zile stika, nitaeleza.

Jina la kwenye bango siliandiki. Nilimwomba mwenyewe ruhusa, akanijibu, "Andika duka, mwanangu, jina niachie. Kikijaa watu kichumba hiki mimi nitasimama wapi?" Wapambaji wengi wa Temeke na Ilala wanalifahamu: ngazi nyembamba, ghorofa ya kwanza, uchochoro wa nyuma ya Mtaa wa Congo, chini yake wanauza mabegi. Mwenye duka ni Mpemba, mtu mzima wa kofia na miwani. Sote tunamwita Ami, hata wale wanaomzidi umri.

Kazi yangu ni kupamba maharusi. Shaaban na mfunguo mosi silali, na Desemba wenzetu wa kanisani nao wananimaliza kabisa. Karibu kila kilichomo kwenye mkoba wangu kinakwenda machoni mwa mtu: maskara, wanja wa penseli, wanja wa maji, gundi ya kope, rangi za kope. Bibi harusi akivimba jicho Jumamosi alasiri, hakuna mpiga picha atakayelificha. Kwa hiyo duka la vipodozi silipimi kwa bei peke yake, wala kwa wingi wa rangi. Nalipima kwa kitu kimoja: naachiwa nisome boksi kabla sijatoa hela?

Kwa Kariakoo hilo si dogo. Maduka mengi ukigeuza boksi mara mbili tu muuzaji anaanza kukohoa. "Dada, unanunua au unasoma gazeti?" Kwa Ami kuna kioo cha kukuzia maandishi, kimefungwa kwa kamba ya kiatu kwenye mguu wa kaunta kisitembee, na pembeni yake kuna taa ya meza. Unaruhusiwa kufungua boksi la nje, kuchomoa karatasi ya maelezo, kuisoma, kuirudisha. Usichoruhusiwa ni kugusa plastiki ya ndani. Ukiibandua hiyo, umeshanunua, na Ami hapo hana undugu na mtu.

Sasa stika. Vipodozi vingi vinavyoingia vimebandikwa stika nyeupe ya mwingizaji, yenye jina la kampuni na tarehe ya kuisha. Pana nafasi tele pembeni ya boksi, lakini stika inakwenda kukaa pale pale penye orodha ya viambato, kama mtu aliyepewa amri. Mara ya kwanza nilidhani ni uzembe wa boksi moja. Nimezigeuza nyingi, na hali ni hiyo. Kijana wa Ami anazibandua kwa ukucha akianzia kona, na ikigoma anaipuliza kwa drayari ya nywele mpaka gundi ilegee. Anafanya hivyo ukimwomba, tena bila kununa. Ila kwa nini mteja aombe? Mzigo ukiingia dukani umeshazibwa hivyo, mwenye duka ana haki ya kumrudishia aliyemuuzia. Ami anasema akirudisha, wiki ijayo hapati mzigo. Jibu hilo nimelielewa, lakini nusu nyota imekwenda.

Nije kwenye kilichonifanya niandike. Mwaka huu nilikuwa natafuta maskara ya keki, ile ya kizamani: kibati bapa, rangi imekaushwa ndani, na kiburashi pembeni. Unalowesha brashi, unasugua kwenye rangi, unapaka. Somo yangu aliyenifundisha kazi hakuwa anaamini nyingine. Alisema ndiyo pekee isiyoganda kwenye kope fupi. Na alikuwa akilowesha kwa mate, Mungu amrehemu, na maharusi wake wakapendeza. Ami alikuwa nazo chache zilizobaki kwenye katoni la siku nyingi. Nikachukua kioo, nikamwomba kijana apulize drayari. Chini ya stika, kati ya majina ya nta na rangi, neno moja: "Thimerosal".

Hicho ni kihifadhi, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Ulaya wanakiandika "Thiomersal". Wenzake wa karibu ni wale wanaoanza na "phenylmercuric". Wewe usihangaike kukariri kemia: mojawapo ya majina yale mawili ya kwanza, au neno lolote lenye "mercur" ndani yake likiwa kwenye boksi la kipodozi, rudisha boksi rafuni. Ni zebaki ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanaitumia kukamatia dhahabu.

Utauliza, na ni haki yako kuuliza, nani aliyekaa akaona ni busara kutia zebaki kwenye kitu cha machoni? Jibu si la kipuuzi. Kila ukichovya brashi ya maskara unarudisha ndani vijidudu vya kwenye kope. Yuko bakteria mmoja, Pseudomonas aeruginosa, ambaye vitu vyenye majimaji ya namna hiyo ni nyumbani kwake. Akipata mchubuko kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho, hata ule mdogo wa kujidunga na brashi, anaweza kuila kwa kasi na mtu akabaki na doa la kudumu au akapoteza jicho. Marekani wagonjwa wa namna hiyo walionekana miaka ya 1970. Viambato vya zebaki vinamdhibiti huyu bakteria kwa kipimo kidogo sana. Wakubwa wakaweka kwenye mizani, chembe ya zebaki upande huu, upofu upande ule, wakachagua chembe.

Ndiyo maana sheria ya Marekani tangu miaka hiyo ina vipimo viwili. Kipodozi cha kawaida, zebaki isifike sehemu moja katika milioni, tena iwe ni ile iliyojipenyeza kiwandani bila kuepukika. Cha machoni, hadi sehemu 65 katika milioni, kama kihifadhi, endapo hakuna kingine salama kinachoiweza kazi hiyo. Ulaya nao walikuwa na mwanya kama huo, asilimia 0.007, kwa sharti kwamba boksi litamke wazi kuna nini ndani. Jimbo la Minnesota lilichoka mapema: tangu Januari 2008 likakataza maskara yenye zebaki iliyowekwa makusudi isiuzwe kwake kabisa.

Dunia kwa jumla ilichelewa. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa Japani Oktoba 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017. Ulitaka kufikia 2020 sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zenye zaidi ya sehemu moja katika milioni zisitengenezwe wala kuvushwa mipaka. Vipodozi vya macho ukaviweka kando, kwa hoja ile ile ya kihifadhi kisicho na mbadala. Mwanya huo ulizibwa Geneva mwishoni mwa 2023: nchi wanachama zilikubaliana kwamba kipimo cha sehemu moja kiondoke, msamaha wa macho uondoke, na mwisho wa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki uwe 2025. Tanzania ni mwanachama tangu 2020. Kwa hiyo vibati vile vya kwenye katoni la Ami ni mali ya enzi iliyokwisha, hata kama vilipotengenezwa havikuvunja sheria ya kwao.

Nilimwonyesha. Akaweka miwani sawa, akashika kioo, akasoma herufi moja moja. "Hii ndiyo ile ya dhahabu?" Nikamwambia ndiyo, Ami. Hakubisha. Wala hakuniambia lile neno la Kariakoo, "mbona wenzako wananunua?" Akamwita kijana, katoni zima likateremshwa, likaandikwa kwa makapeni pande zote mbili lisije likarudi rafuni. Nikamsihi jambo moja tu, asilichome moto uani, maana zebaki ikichomwa inageuka mvuke na majirani ndio watakaoivuta; awapigie TBS, shirika la viwango, waje walichukue. Akaandika namba yao kwenye kalenda ya ukutani. Nyota mbili kati ya nne amezipata siku hiyo.

Nilichonunua badala yake ni maskara ya tyubu, ile isiyotoka kwa maji, Sh 14,000. Kihifadhi chake ni "phenoxyethanol", ambacho sasa utakikuta kwenye vipodozi vingi vya macho, na hakina zebaki. Utendaji wake: imeshika vizuri kwenye ukumbi wa Mbagala usio na kiyoyozi, bibi harusi akalia mara mama yake alipokabidhi kanga, na hakuna michirizi. Rangi ni nyeusi ya kweli, si ile inayoelekea kijivu ikikauka. Brashi yake ni nene mno kwa kope fupi. Hapo somo yangu alikuwa na hoja. Inatoka kwa mafuta, si kwa maji wala sabuni, kwa hiyo mwambie bibi harusi mapema asije akajisugua usiku. Kwenye boksi kuna kipicha cha kikopo kilichofunguliwa mfuniko, ndani yake "6M": miezi sita tangu siku ulipofungua. Mimi naandika tarehe kwa makapeni kwenye tyubu yenyewe.

Na hapa niwaseme wapambaji wenzangu. Kuondoa zebaki hakukumwondoa yule bakteria. Vihifadhi vya sasa vinafanya kazi, lakini havikuundwa kustahimili brashi moja ikizunguka kwa bibi harusi, mpambe wake, mama mkwe na mashangazi watano. Brashi za kutupa zipo kwa Ami, pakiti ya 50 kwa Sh 5,000. Moja kwa jicho moja, hairudi kwenye tyubu. Anayesema ni gharama akapige hesabu ya daktari wa macho.

Wanja wa manga sijanunua kwake, ingawa anao. Huo una balaa lake jingine, risasi, na ule unaosagwa kienyeji hauna hata boksi la kusoma. Penseli za kiwandani ziko nyingi, kuanzia Sh 2,500.

Rafu ya krimu kwa Ami ni fupi kuliko za majirani zake, na hii ndiyo sababu ya mimi kuwaelekeza wateja wangu kwake hata wasiotaka maskara. Bibi harusi wa siku hizi anakuja miezi mitatu kabla, anataka sugu za vidoleni ziondoke, anataka shingo na uso zifanane, anataka "mng'ao". Sitawasema, picha za harusi zinakaa ukutani miaka arobaini. Tatizo ni kwamba wamesikia habari za zebaki, na wameona mimi nasoma maboksi, basi wanasoma boksi la krimu, hawaoni "mercur", wanapumua.

Kwenye krimu boksi halikusaidii. Zebaki ya maskara iliwekwa kwa kipimo kidogo, kwa ruhusa, na ikaandikwa. Zebaki ya krimu ya kujichubua inawekwa nyingi, kwa sababu hapo ndiyo kazi yenyewe: inazuia ngozi isitengeneze rangi yake. Na kwa kuwa ni marufuku, nani ataiandika? Sehemu 65 katika milioni ndicho kilikuwa kilele cha maskara ya Kimarekani. Krimu za kung'arisha zilizokuwa zikiuzwa Nairobi miaka ya 1970 zilikuwa na asilimia 5 hadi 10 ya kiambato cha zebaki. Ukibadilisha hesabu ziwe za aina moja, krimu inaizidi maskara mara mamia. Halafu maskara inagusa kope; krimu inasuguliwa mwili mzima asubuhi na jioni.

Matokeo yake yaliandikwa zamani, tena na watu wa hapa jirani. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha ripoti ya wagonjwa wazima waliokuwa wanavimba mwili na kumwaga protini kwenye mkojo, figo zimeharibika. Zaidi ya nusu walikuwa watumiaji wa krimu hizo. Baadhi walipoacha, figo zilipona. Wenye umri wa mama yangu walikuwa wasichana wakati huo, na mama anazikumbuka vizuri sana krimu zile.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 akaja Ziwa Victoria Mjapani mmoja, Dk. Masazumi Harada. Huyu ndiye daktari aliyetumia maisha yake kwa wagonjwa wa Minamata kwenyewe, mji ambao kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini na watu wakala samaki wake. Yeye na wenzake walikuwa wanapima nywele za watu wa kanda ya ziwa, kwa sababu kila mtu alidhani wachimba dhahabu ndio watakaokutwa na zebaki nyingi. Waliokutwa na viwango vya kutisha ni watumiaji wa sabuni za kung'arisha. Sabuni zenyewe, zile zenye asilimia moja hadi tatu ya kiambato cha zebaki, zilitengenezwa Ulaya kwa ajili yetu, wakati Ulaya kwenyewe ilishazikataza tangu 1976. Usafirishaji wake kuja huku ulikatazwa 2003. Miaka 27 hiyo. Nikifika hapa huwa nashindwa kuendelea na shughuli ya kupaka mtu rangi nikiwa na uso wa tabasamu.

Ami kwenye krimu ana sheria tatu zisizoandikwa popote. Haweki kopo lisilo na jina la kiwanda. Hauzi kopo ambalo plastiki yake ya chini ya mfuniko imeguswa. Na hakorogi. Dada mmoja aliingia nikiwepo, akaagiza mkorogo, krimu hii changanya na ile na tyubu ya dawa ya fangasi ndani, kama anavyofanyiwa duka la pili. Ami akamjibu kwa upole wa Kipemba unaouma, "Mwanangu, mie muuza duka. Wa kukoroga yuko jikoni." Akaondoka amenuna. Huenda aliupata mita ishirini mbele.

Ile sheria ya plastiki ya chini ya mfuniko wengine wanaona ni ushamba. Mwaka 2019 mwanamke mmoja wa Sacramento, California, alilazwa hospitali, hasemi vizuri, hawezi kutembea, akaishia katika hali ya nusu kuzimia. Krimu yake ilikuwa kwenye kopo la jina linaloaminika. Mtu aliliongezea zebaki baada ya kutoka kiwandani, tena ile ya aina ya Minamata inayopanda ubongoni. Kopo lilikuwa halali, kilichokuwa ndani hakikuwa halali.

Nimewahi kununua krimu mtandaoni pia, kwa muuzaji mwenye picha za kabla na baada, kwa ajili ya mteja aliyening'ang'ania. Simtaji. Ilifika na bodaboda, kopo jeupe lisilo na neno, krimu ya kijivujivu, na ujumbe wa sauti kwenye simu: "Dia, ukipaka vua pete na bangili, dhahabu isiguse." Nilirudia ule ujumbe kumsikilizisha mteja. Kwa nini krimu ya ngozi iogope dhahabu? Kwa sababu zebaki inaishika dhahabu na kuigeuza nyeupe, ndiyo kazi inayofanya Geita. Shirika la Afya Duniani limelitaja onyo la namna hiyo, kukataza dhahabu, fedha, aluminiamu au mpira, kuwa dalili ya krimu yenye zebaki. Muuzaji alikuwa anatunza pete ya mteja kuliko figo zake. Hela hakurudisha. Kopo nililifunga kwenye mifuko miwili, sikuliacha ndani, kwa kuwa nina mjukuu anayetambaa. Huko California na Virginia walipopima familia za watumiaji mwaka 2010, zebaki ilikutwa hata kwa wasiopaka, watoto wakiwemo. Inahama kwa taulo, kwa shuka, kwa kumbeba mtoto.

Ukitaka kulalamika, lalamika panapohusika. Kuanzia Julai 2019 vipodozi viko TBS. Iliyokuwa TFDA sasa ni TMDA na imebaki na dawa na vifaa tiba; watu bado wanapiga simu kule, wanazungushwa, wanakata tamaa. Zanzibar ni ZFDA. Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 377, kina sehemu ya vitu vilivyokatazwa kwenye vipodozi na sehemu nyingine ya vihifadhi vinavyoruhusiwa, na kinatumika Kenya, Uganda na kwetu, kwa hiyo mwingizaji asikuambie sheria za huku hazieleweki. Operesheni za kukamata na kuteketeza shehena zipo, tunaziona kwenye taarifa ya habari. Ninachotaka mimi ni kidogo zaidi: afisa mmoja apite Kariakoo na drayari, azibandue zile stika.

Lawama zangu kwa Ami sasa, asije akadhani tumeoana. Stoo yake iko juu, chini ya bati, haina feni. Nilipanda kumsaidia kijana kutafuta gundi ya kope, nikatoka nimelowa. Joto namna hiyo linatenganisha mafuta na maji kwenye krimu na kumaliza nguvu za vihifadhi kabla ya tarehe ya kwenye boksi. Gundi mbili nilizopewa zilikuwa zimeshaanza kuwa nyuzi. Alinibadilishia, lakini mteja wa kawaida asingejua mpaka kope imeshikamana na kope. Ami ana hela ya feni, nimeziona katoni zinavyoshuka.

Bei ni za juu kidogo. Maskara ninayoisema utaipata chini barabarani kwa Sh 3,000, boksi linafanana mpaka herufi, ila ukilisoma orodha ya viambato haipo kabisa, au ipo na maneno yameandikwa kwa makosa. Nunua ukitaka, jicho ni lako. Kwa mteja wangu siipeleki.

Huduma inategemea nani yuko kaunta. Ami mwenyewe ni mzuri. Kijana ni mzuri akiwa hajashika simu. Yuko binti wa zamu ya jioni ambaye kila ukimuuliza kilichomo anakujibu "ni original hiyo", na huo ndio mwisho wa elimu yake. Mara nyingi unapata risiti bila kuomba, na risiti ndiyo itakayokusaidia ukitaka kubadilisha, ndani ya siku tatu, plastiki ikiwa nzima.

Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, kabla ya wanunuzi wa mikoani hawajapanda. Ijumaa wanafunga saa sita mchana mpaka saa nane. Wanapokea taslimu na lipa namba. Kwenye maskara na wanja bei inazungumzika ukichukua nusu dazeni, na Ami anapenda mtu anayejua kuvutana naye. Kwenye brashi za kutupa hapunguzi hata mia.